Kanga ya Mawio na Jina la Visanduku

Nchi ya Ushangani nimeikanyaga kwa miguu yangu hii miwili, na jinsi nilivyofika huko ni siri yangu na viatu vyangu. Anayetaka habari za nauli akaulize stendi. Mimi nitasema niliyoyaona, na mkinisikia nimepandisha sauti mahali, mjue ni hasira, si uongo.

Naitwa Mwanatumu Shekue. Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi Tanga mjini, mwaka wa kumi na tisa huu. Barua za watu zimepita mikononi mwangu mpaka najua nani kamnunia nani. Kwa hiyo nilipoingia nchi ya watu wanaoyaheshimu maandishi kuliko chakula, nilijiona nimefika kwetu.

Ushangani ina pande mbili, Mawio na Machweo, na katikati kuna bonde lenye daraja la kamba. Sheria yao ya kale inasema karatasi isivuke daraja hilo. Zamani upepo ulimpokonya mjumbe hati ya mpaka, na hadi leo kila upande unadai hati iliangukia kwake. Basi barua ikitakiwa kuvuka, hugeuzwa shanga. Karani hutazama Ubao mkubwa uliopo ukutani, ambao umeipa kila herufi namba yake. Shanga nyeusi ni kumi, nyeupe ni moja, nyekundu hutenga herufi na herufi. Barua nzima hutungwa kwenye uzi, mjumbe huuvaa shingoni, huyo akavuka. Upande wa pili karani mwingine huhesabu shanga, hutazama Ubao wa kwao, na kuandika herufi upya. Halafu shanga hufumuliwa na kurudishwa kwenye debe.

Niliusifu mpango huo kwa muda wa kama robo saa.

Tatizo ni kwamba Ubao wa Mawio na Ubao wa Machweo hazifanani. Ulikuwa mmoja, wakaja kugombana kama nukta ikae mwanzo wa orodha au mwisho, kila mtu akaenda kupanga za kwake. Herufi tano za kwanza ndizo zilizobaki sawa. Zilizosalia, namba iliyo herufi kule, huku ni alama ya kuuliza, au asilimia, au haipo kabisa. Na karani wa Machweo akikuta namba isiyokuwepo kwenye Ubao wake, sheria inamkataza kuacha nafasi wazi. Huchora kisanduku.

Mtu mzima mwenye akili angeuliza, "Jamani, barua hii imetungwa kwa Ubao upi?" Huko huulizi. Pande zote mbili zina sheria moja, tena kwa maneno yale yale: Ubao ni mmoja duniani. Kuuliza "upi" ni kumtukana mwenzio kwamba anatumia wa bandia, na adhabu yake ni kufagia soko Ijumaa tatu. Nilikaa Mawio siku tatu kabla ya kuvuka, nikanunua kanga yao ya kumbukumbu, nyekundu na nyeupe, katikati, kwenye mji wa kanga, imechapwa Ubao wa Mawio mzima, herufi na namba zake, na chini yake maneno: UBAO NI MMOJA DUNIANI. Niliinunua kwa sababu ya rangi tu.

Nilipovuka, karani wa Machweo alihesabu shanga za jina langu nilizotungiwa Mawio, akasimama kwa adabu, akasoma, "Kisanduku, alama ya kuuliza, a, tisa, a, nuktamkato, asilimia, kisanduku, asilimia. Karibu sana, mama."

"Mimi naitwa Mwanatumu."

"Hilo ni jina la mdomoni," alinijibu bila ubaya wowote. "Hapa tunafuata la maandishi."

Nilitaka kumpa maneno yake, lakini alikuwa ameshaniletea maji ya kunywa, na watu wa Machweo, niseme ukweli, ni wakarimu mno. Wamezoea. Dukani nimeona bango limeandikwa "Unga wa □9□" na watu wakaomba kilo mbili bila wasiwasi. Ukiwauliza ni unga wa nini, wanasema wa visanduku, tena mtamu.

Wana hata idara nzima, Idara ya Ufafanuzi wa Visanduku, ghorofa tatu na bustani. Mkuu wake wakati huo alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesoma visanduku tangu ujana wake. Nilihudhuria mjadala mmoja. Kundi la kwanza linashika kwamba kisanduku ni sanduku, yaani jambo lililofichwa. Kundi la pili linashika kwamba ni nyumba, yaani mtu anaomba hifadhi. Wamejadiliana miaka kumi na miwili, kwa heshima kubwa na chai ya tangawizi. Nilinyoosha mkono nikasema, "Na kama ni kosa tu?" Walinipigia makofi ya ucheshi.

Nilipanga chumba kwa mwanamke anayeitwa Zuwena, aliyekuwa na mtoto mchanga, na mumewe fundi seremala. Asubuhi ya kwanza Zuwena alituandalia uji. Mume alipokea bakuli, akaliweka mbali, akalitazama, akalizungusha, akalitazama tena.

"Huyo hata umwekee barafu atasubiri," Zuwena aliniambia. "Mtu mzima na ndevu zake, anaogopa uji wa moto. Mwenzangu, mimi nimeolewa na mtoto."

"Unanichoma ulimi," mume alisema.

"Unawachoma wote. Wewe ndiye unayelalamika."

Tulicheka. Nikamuuliza yule bwana jina lake, na kicheko kikakatika.

Alinyanyuka, akaleta karatasi. Jina lake lilikuwa na alama thelathini na moja: visanduku, asilimia, alama za kuuliza zimepangana, na katikati herufi a tatu zimekaa kama zimepotea njia. Mtaani walimwita Kisanduku kwa kifupi.

Zuwena ndiye aliyenieleza. Mumewe alizaliwa Mawio. Homa ikawachukua wazazi wake, naye akavushwa akiwa mchanga, mgongoni mwa mjumbe, na barua ya shanga kiunoni. Bibi mmoja wa Machweo aitwaye Bi Mize, sasa marehemu, akampokea akamlea. Karani aliisoma barua ikatoka visanduku vitupu, na mstari wake wa kwanza ukaandikwa kuwa ndilo jina. Bi Mize akaomba isahihishwe. Basi wakachukua ile karatasi mbovu, visanduku na asilimia zake, wakaitunga upya kuwa shanga, wakaipeleka Mawio. Mawio wakaisoma kwa Ubao wao, ikaharibika zaidi, wakairudisha. Mara tatu. Kila safari jina likarefuka.

"Na Idara ikasemaje?" niliuliza.

"Wamemwandikia kitabu," alisema Zuwena kwa uchungu. "Ati barua nzima ni onyo. Ndiyo maana haruhusiwi kubeba mayai sokoni wala kutangulia kwenye harusi. Hata yetu alikaa nyuma."

Yule bwana alikuwa akikipiga msasa kitanda cha mtoto alichokichonga mwenyewe. Kwenye ubao wa kichwani kulikuwa na mahali amepaacha laini, hapana ua wala mstari, pa kuandika jina.

"Mimi nimezoea, mama," aliniambia bila kuinua macho. "Nikiitwa Kisanduku naitika. Lakini kesho binti yangu anatimiza arobaini. Kabla ya adhuhuri Msajili anaandika jina lake na la baba yake kwenye Daftari Kuu, na likishaandikwa halifutwi. Watoto wake watalibeba, na wajukuu. Siku akiniuliza yeye ni wa nani, nimwambie wa asilimia?"

Hapo ndipo moyo uliponiuma, na nitasema kwa nini. Miaka minne iliyopita Bi Saumu, jirani yangu, aliniletea flashi yenye barua ya mwanawe aliye ughaibuni, iliyochapwa kwenye kompyuta ya aina nyingine. Kwangu ilifunguka visanduku vitupu. Mimi mjuaji nikaanza kufuta kisanduku kimoja kimoja, nikaweka herufi za kubuni, kisha nikahifadhi palepale juu ya ile ya mwanzo. Baadaye fundi mmoja wa kompyuta aliniambia, "Barua ilikuwa nzima, mama. Mashine yako ndiyo ilikuwa inaisoma kwa jedwali lisilo lake. Ungeiacha ilivyokuja, ningekufungulia kwa dakika moja." Bi Saumu bado ananisalimia kila asubuhi, na kila asubuhi naona aibu.

"Shanga zenyewe ziko wapi?" nilimuuliza Kisanduku. "Zile za kwanza kabisa, kabla hamjasahihisha chochote."

"Zilifumuliwa. Ndiyo sheria."

Nikaishiwa nguvu. Siku ikapita hivyo, nami nikawa najisikia mzigo ndani ya nyumba ya watu.

Asubuhi ya arobaini, jua limeshapanda, Zuwena alimwogesha mtoto uani. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mtoto alipigapiga maji, mama yake akamgeuza, na kiunoni mwake nikaona mizunguko minne ya shanga ndogondogo. Nyeusi, nyeupe, nyekundu. Nyeupe tatu, nyekundu. Nyeusi, nyeupe mbili, nyekundu.

Kikombe kilinitoka.

"Zuwena! Shanga hizo umezitoa wapi?"

"Za baba yake," alisema, amestuka. "Bi Mize alimvalisha, nami nimemvalisha mwanangu. Ni shanga za mtoto tu, mama, kila mtoto anavaa."

"Usizivue! Usiguse uzi! Kukikatika fundo hapo nalia mbele yako!"

Baadaye majirani walinieleza. Siku ile darajani, karani alipotaka kuzifumua, Bi Mize alimbana mtoto kifuani akamwuliza, "Wewe huna haya? Mtoto wa watu hana mama, hana baba, na shanga za kiunoni nazo unamvua mbele za watu?" Karani akaona haya kweli. Akaandika "zimefumuliwa" na kwenda zake.

Tulikwenda ofisini mbio, Zuwena na mtoto, Kisanduku na mimi, kanga yangu ya Mawio mabegani. Msajili, Bwana Mbwarali, alikuwa mtu mnene mpole, ameshachovya kalamu. Bi Kidawa alikuwa pembeni yake, maana jina lenye visanduku haliandikwi bila shahidi wa Idara. Mshale wa saa ulikuwa umebakiza nusu saa kufika adhuhuri.

"Mheshimiwa," nilisema, "tunaomba barua ya mtu huyu isomwe upya kabla hujaandika."

"Ilishasomwa, mama. Mara nne. Kila mara inazidi kuwa ndefu, hatuna nafasi ya mara ya tano."

"Isomwe kwenye uzi wa kwanza."

"Uzi ulifumuliwa. Imeandikwa hapa."

Zuwena akamlaza mtoto juu ya meza, juu ya Daftari Kuu lenyewe, akamfunua. Mtoto akacheka. Bwana Mbwarali akavua kofia, sijui kwa nini.

"Huu ni wizi wa mali ya debe," alisema kwa sauti ndogo.

"Aliyeiba ni marehemu," nilimjibu. "Mfuate."

Bi Kidawa alirekebisha miwani. "Sheria ni moja," alisema. "Uzi ukipingana na daftari, uzi ndio mkubwa. Hebu tuhesabu." Akainama, akahesabu kwa ncha ya kidole, taratibu, mtoto akidhani anatekenywa. Karani akatazama Ubao wa Machweo ukutani na kuandika. Walipomaliza walilinganisha na ukurasa wa kwanza kabisa ulioandikwa mwaka ule Kisanduku alipovuka. Kisanduku kwa kisanduku, asilimia kwa asilimia, sawa sawa.

"Uzi ni ule ule," alisema Msajili kwa furaha. "Na jibu ni lile lile. Basi tumemaliza." Akanyanyua kalamu.

Hapo nikavua kanga mabegani, nikaitundika kwenye msumari, juu ya Ubao wao wa Machweo.

"Ni nini hicho?" aliuliza Msajili.

"Kanga."

"Mbona ina…"

"Ina nini, mheshimiwa? Usiniambie ina Ubao. Ubao ni mmoja duniani. Wewe umeuona mwingine?"

Nilimwona anawaza ufagio na Ijumaa tatu. Karani naye akageukia dirishani, bega likimtikisika kwa kicheko.

"Naona maua," alisema Bwana Mbwarali hatimaye.

"Basi naomba tuhesabu shanga huku tukitazama maua. Sheria inakataza?"

Alimtazama Bi Kidawa. Wote tulimtazama. Nilijua anachoombwa mama wa watu: ghorofa tatu, bustani, miaka yake yote, na kitabu kile cha onyo alichokiandika kwa mkono wake. Angesema neno moja tu ningekuwa nimekwama. Aliitazama kanga, kisha mtoto, kisha kanga tena. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa ameshaanza kusoma.

"Niandikie, karani," alisema. "Nitasoma mwenyewe."

Akahesabu, akainua macho kwenye kanga, akataja herufi. Akahesabu tena. Kisanduku alikuwa ameishika kona ya meza kwa mikono miwili, kama seremala anayepima kama meza inayumba.

Kisha Bi Kidawa akachukua karatasi kutoka kwa karani akaisoma yote kwa mkupuo mmoja:

"Huyu ni Faki, mtoto wa Vuai. Ana miezi minne. Akilia mbebeni mgongoni, atanyamaza. Hapendi uji wa moto. Mpozeeni kwanza. Mimi mama yake."

Zuwena aliangua kicheko, kicheko hasa, mkono mdomoni, na machozi yanamtoka huku huku. "Ya Rabi! Uji!" alisema. "Uji! Na mimi namcheka kila asubuhi!"

Yule bwana hakucheka wala hakulia kwanza. Alisema, "Faki," polepole, kama anajaribu kiatu. "Faki Vuai." Halafu akakaa chini sakafuni, pale pale ofisini, akajifunika uso kwa kofia ya Msajili iliyokuwa kwenye kiti. Mtoto naye akaanza kulia. Faki akanyanyuka, akamchukua, akamweka mgongoni mwake, na akanyamaza.

Bwana Mbwarali aliandika kabla mshale haujafika: Raya binti Faki Vuai. Aliandika kwa herufi kubwa, akapuliza wino ukauke, na pua yake ilikuwa nyekundu.

Bi Kidawa alinifuata mlangoni. "Nilimkalisha nyuma kwenye harusi yake," aliniambia. "Kwa sababu ya uji."

"Kamwombe radhi. Nyumba unaijua."

Alikwenda, kisha akafuatana na Faki hadi sokoni, akanunua trei ya mayai na kumkabidhi ayabebe mwenyewe mpaka nyumbani, watu wote wakiona. Halikuvunjika hata moja. Kesho yake alipeleka hoja kwenye baraza lao, nami nikaitwa kama mgeni mwalikwa.

Mjadala ulikuwa mkali kwa kiasi cha Ushangani, yaani chai ilipoa. Mjumbe mmoja alisema kuitaja Mawio kwenye barua ni kukiri kwamba kuna mbao mbili. Mwingine akasema ni matusi. Mimi niliuliza swali dogo tu. "Majumbani kwenu, mtu akifika mlangoni anasemaje?"

"Hodi," walijibu wote.

"Mkiuliza nani?"

"Anasema ni fulani, ametoka kwa fulani."

"Na huwa amewatukana?"

Yule aliyesema ni matusi akatikisa kichwa kukataa.

"Basi barua zenu zinaingia ndani bila hodi, kama mbuzi. Wekeni ushanga mmoja mwanzo wa uzi, useme barua imetokea wapi, ili msomaji ajue atazame ukuta upi. Kisha uzi usifumuliwe mpaka mwenyewe aseme ameelewa."

Ilipita kwa kura zote. Wakauita ushanga wa hodi. Walichoshindwa kukubaliana ni rangi. Mawio, walipopelekewa habari, walijibu kwamba wanataka buluu, Machweo wakasema buluu ni yao, na nilipoondoka kamati ya rangi ilikuwa imeshapewa ghorofa ya pili ya Idara, pamoja na bustani. Niliwaacha nayo. Nilikuwa nimechoka, na nimewakumbuka wateja wangu.

Asubuhi ya kuondoka, Zuwena alipakua uji. Bakuli langu alinipa likitoka moshi. La mumewe aliliweka dirishani penye upepo, akalifunika kawa, akarudi akakaa. Pale kwenye kitanda cha mtoto, mahali palipokuwa laini, jina lilikuwa limeshachongwa, na vumbi la mbao halijafagiliwa.

Faki alinyoosha mkono kulichukua bakuli. Zuwena akampiga kofi dogo la vidoleni.

"Acha," alisema. "Mama yako amesema upoe kwanza."

Akakaa, akasubiri.